Jibu: Mfamasia kuwa mhadhiri na mtafiti wa elimu

Ndugu, umeuliza kama mfamasia anayefundisha chuoni anaweza kujijenga kitaaluma kwa kutafiti ufundishaji badala ya dawa. Anaweza, na kwangu mimi ni kazi yenye heshima kamili, ingawa wapo wanaoihesabu kuwa ya pembeni.

Swali la utafiti mara nyingi huanzia darasani: mwanafunzi anakokotoa dozi ya mtoto kwenye karatasi bila kukosea, lakini akipewa cheti cha daktari kisichotaja uzito, anatoa dawa pasipo kumwuliza mzazi. Pengo hilo kati ya kujua na kutenda ndilo George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alilolieleza mwaka 1990 kwa piramidi yake ya ngazi 4 (kujua, kujua namna ya kutenda, kuonyesha namna hiyo, na kutenda kazini), na ndilo linaloonekana katika mtihani wa vituo, ulioelezwa na Ronald Harden na wenzake mwaka 1975, ambamo mtahiniwa hupita kituo hadi kituo akitazamwa anavyotenda.

Jiandae kujifunza mbinu za sayansi ya jamii, hasa usaili na uchambuzi wa maelezo, kwa kuwa maabara haifundishi hayo. Omba pia kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya data, maana mwanafunzi unayemsahihishia mitihani hawezi kukukatalia kwa urahisi.