Benchi, Meza na Vifuniko vya Maji Taka: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Kifuniko cha zege cha tangi langu la maji taka kiko katikati ya nyasi, mbele ya nyumba. Je, naweza kujenga benchi la mawe juu yake? (Kiamunyi, Nakuru)

Jibu: Hapana, na nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi. Siku tangi litakapojaa, lori la kunyonya maji taka litakuja na mpira wake, na benchi lako litavunjwa kwa nyundo huku wageni wakiziba pua. Tengenezesha benchi la mbao linaloweza kunyanyuliwa na watu wawili, ambalo miguu yake inasimama kwenye udongo pande zote mbili za kifuniko, wala si juu yake. Gesi ya maji taka hula zege na kuozesha nondo zilizomo, kwa hiyo ukiona ufa wenye rangi ya kutu, badilisha kifuniko kwanza, ndipo ufikirie mapambo. Bomba la hewa nalo liachwe lilivyo. Wapo wanaolikata ili lifichike nyuma ya kiti, kisha wakashangaa harufu inatoka wapi. Tena, usimtume kijana wa bustani ashuke humo kuokota chochote, kwa kuwa gesi hiyo huua.

Swali: Je, mita ya maji inaweza kufichwa ndani ya meza ya bustani? (Milimani, Kisumu)

Jibu: Inaweza, mradi uso wa meza ufunguke kwa bawaba na msoma mita asilazimike kutafuta ufunguo.

Swali: Nataka kabati lenye kiti juu ili kuficha mtungi wa gesi ulio nje ya jikoni. (Lurambi, Kakamega)

Jibu: Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Kabati liwe na nafasi wazi chini kabisa pamoja na juu, lisiwe karibu na mtaro wala shimo, na mtungi usimame wima mahali ambapo mkono unafikia koki bila kuondoa mto wala chungu cha maua. Anayetaka kuchomea nyama hapohapo atafute kona nyingine ya ua.

Swali: Nguzo ya umeme iko ndani ya ua wangu. Je, niizungushie rafu za maua?

Jibu: Nguzo si yako. Usiipigilie hata msumari mmoja.

Swali: Je, viti vya gugumaji vinafaa kuzunguka pampu ya maji? (Mamboleo, Kisumu)

Jibu: Viti hivyo ni vizuri, nami huwasifu mafundi wanaovisuka, lakini mahali pake ni barazani chini ya paa, la sivyo mvua ya masika itavijaza ukungu. Kwa pampu, tumia sanduku la mbao za saiprasi zilizotiwa dawa, zenye nafasi kati ya ubao na ubao ili mota ipate hewa, na miguu yake ikae juu ya mawe, kwa sababu mchwa hupitia pale mbao inapogusa udongo. Kifuniko cha juu kiinamishwe kidogo ili maji yateremke upande usio na swichi.