Rufus au Ventoy? Weka Ventoy, ila okoa mafaili kwanza ndo upige Windows

Mkuu umesema HP yako inazunguka tu kwenye Automatic Repair, ndani kuna kazi zako za chuo, una fleshi ya 32GB na hujui utumie Rufus au Ventoy (programu za kuifanya fleshi iweze kuwasha kompyuta). Tumia Ventoy. Ila nakuomba sana usianze na kupiga Windows (kuinstall upya), anza na kutoa mafaili, maana nimeona watu wanapeleka mashine kwa fundi, inapigwa Windows fasta, inarudi inawaka vizuri kabisa halafu mtu anafungua anakuta hakuna picha hata moja ya watoto wake, na hapo kurudisha ni shughuli nyingine kabisa.

Rufus ni nzuri na bado naitumia, lakini inaandika ISO moja (faili moja lenye mfumo mzima, kama Windows), ukitaka nyingine fleshi inafutwa upya. Ventoy unaiweka mara moja tu (hapo inafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hamisha kwanza), baada ya hapo unakopi ISO zako kama unavyokopi nyimbo, na ukibuti (ukiwasha kompyuta kupitia fleshi) inakuletea orodha uchague. Kwenye 32GB inaingia ISO ya Windows 11, Linux Mint (mfumo unaowaka kwenye fleshi bila kuinstall), SystemRescue (ya kuokoa mashine) na Clonezilla (ya kunakili diski) na nafasi inabaki. Na usijaribu ile ya kufomati fleshi FAT32 halafu kukopi mafaili ya Windows kwa mkono, siku hizi faili la install.wim linapita GB 4 na FAT32 hailibebi.

Kabla ya yote ipime hiyo fleshi. Kuna fleshi mtaani zimeandikwa 1TB au 2TB kwa bei ya kutupa, ndani hazina hata robo, zinapokea mafaili bila kulalamika halafu yanasomeka takataka. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux ipo f3, zinaijaza fleshi yote kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndo kilichorudi. Na ISO nayo ihakiki, hasa kama bando lilikatika katikati: fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kwenye kompyuta nyingine, andika certutil -hashfile jina.iso SHA256, linganisha na ile namba iliyoko kwenye ukurasa ulikoitoa. Inachukua dakika chache na inakuepusha na installer inayogoma njiani bila sababu ya kueleweka.

Haya, kubuti. HP ukiwasha tu gonga Esc mfululizo, menyu ikija bonyeza F9, chagua fleshi. (Dell na Lenovo nyingi ni F12.) Kama Secure Boot (ulinzi unaozuia mfumo usiotambulika kuwaka) iko on, mara ya kwanza itakuja skrini ya bluu inasema Verification failed, watu wengi wanaishia hapa wanasema fleshi mbovu, siyo mbovu. Bonyeza OK, kisha kitufe chochote, chagua Enroll key from disk, ingia VTOYEFI (sehemu ya Ventoy kwenye fleshi), chagua ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER.cer, kubali, riboot. Kwenye mashine hiyo haitakuuliza tena.

Ingia Linux Mint bila kuinstall, fungua diski yako, kopi mafaili kwenda eksteno. Ikikwambia diski ni ya kusoma tu kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri, iache hivyo hivyo, wewe unataka kukopi tu, usilazimishe kuandika. Ikidai funguo basi ni BitLocker (kufuli la Windows linaloficha mafaili ya diski), Windows 11 nyingi zinajiwashia zenyewe, ile namba ya tarakimu 48 mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft, itafute kwa simu. Bila hiyo namba mafaili hayafunguki, na usikubali fundi akwambie vingine.

Ila kopi ikiganda ganda, au diski inatoa mlio wa kugonga, SIMAMA. Kila unapoilazimisha inazidi kufa. Buti SystemRescue, andika lsblk ujue ipi ni ipi, kisha tumia ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu): ddrescue -d /dev/sda /mnt/nje/diski.img /mnt/nje/diski.map, ambapo sda ndo diski mbovu, /mnt/nje ndo folda ulikoimaunti eksteno kwanza, na eksteno iwe kubwa kuliko hiyo diski. Inachota kwanza sehemu zilizo salama, zile ngumu inazirudia baadaye, na hilo faili la map linakumbuka ilipofikia hata umeme ukikatika. Mafaili utayatoa kwenye hiyo img (nakala ya diski nzima), siyo kwenye diski yenyewe.

Ukishaona mafaili yanafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndo sasa piga Windows. Kama prosesa ni Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu, installer inaweza isione SSD kabisa, hapo usiende kununua SSD mpya, ni draiva ya Intel VMD haipo. Idaunlodi kutoka kwa HP, iextract, weka folda lake kwenye fleshi, bonyeza Load driver na diski itatokea.

Tuwekee modeli ya hiyo HP na kama diski inatoa mlio wowote, tujue uanzie Mint au ddrescue.