Dada, hiyo bure ina wenyewe

Dada yangu nimesikiliza ile voisi yako mara mbili, eti niko huku Tucson mtoto anasomeshwa ufundi magari bure na serikali ya Marekani halafu ada ya chuo cha ufundi VETA ya mpwa wangu naizungusha. Nani kakwambia ni serikali?

Huku Arizona kila wilaya ya shule haiwezi kuwa na karakana yake, zinaungana kuendesha mafunzo ya ufundi pamoja, ila haiingii wilaya mpaka watu wake wapige kura wakubali maana wanajitwisha kodi ya majengo. Hapa kaunti ya Pima walipiga 2006, mi bado niko mwaloni Kibirizi nabeba dagaa. Kodi yenyewe haizidi senti 5 kwa kila dola 100, na nyumba ya kuishi inahesabiwa asilimia 10 tu ya bei yake, kwahiyo nyumba ya dola laki 2 ni kama dola 10 kwa mwaka. Dola 10 dada! Bibi jirani yangu hana hata mjukuu mji huu na alipiga ndiyo.

Mi nna grini kadi tu, kibali cha kukaa, uraia sina. Kodi nachangia, imo ndani ya pango, kura sina. Juzi kati nje ya duka kijana mwenye fomu za wapiga kura kanidaka, dakika moja tu mzee, nikashika kalamu nikaandika na jina, kufika kwenye kiboksi cha je wewe ni raia mkono ukagoma. Ukitiki pale na sio raia wanaweza kukurudisha kwenu watoto wabaki. Nikamwambia nimesahau miwani. Miwani sijawahi kuvaa maishani, na mwanangu alikuwa pembeni na ovaroli lake la grisi, akaangalia chini. Mpaka nyumbani hatukuongea.

Kwahiyo usimtume mpwa wangu huku kwa ajili ya bure. Au mtume, lakini mapema, hiyo ni ya wanafunzi wa sekondari, na cheti cha kuzaliwa kiwe na jina lilelile la pasipoti tafadhali. Ila asikae kusubiri, aanze VETA hapohapo Kigoma, kuchomelea ni kuchomelea tu.

Ada natuma Ijumaa nikilipwa, nusu kwanza. Na mama usimwambie habari ya ile fomu.