Chasisi ya gari la samaki: rangi ya unga au rangi ya kopo?

Pikapu yangu hubeba samaki kutoka Wesha hadi sokoni Chake Chake, huku Pemba. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi huchuruzika mpaka kwenye chasisi, kile kiunzi cha chuma kinachobeba gari, kila siku ya Mungu. Nikisema rangi ya unga siirudii tena kwenye chasisi, nasema kwa kuwa imeshanila fedha.

Nilipolifumua gari, chasisi niliipeleka Dar es Salaam ikapakwe rangi ya unga. Ilirudi inapendeza. Unga ule hupulizwa kwa chaji ya umeme ukanata kwenye chuma, kisha chuma huingizwa tanurini, nyuzi joto 180 hadi 200, unga ukayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Ugumu huo ndio ulionidanganya. Mawe ya njia za ndani yalitoboa vitundu, chumvi ikapenya, kutu ikatambaa chini kwa chini huku juu kunang'aa. Siku niliyoingia uvunguni na bisibisi, ngozi ilibanduka pande zima kama ganda la muhogo. Na kuitia kiraka huwezi: unga unataka tanuri, tanuri linataka gari livuliwe lote.

Sasa napaka rangi ya kopo: kwanza praima ya epoksi, rangi ya chini ile ya kuchanganya makopo mawili, na juu yake rangi ya gari. Ikichubuka naiona. Nakwangua, nachanganya kidogo tu maana ikishachanganywa haikai, napaka jioni ile ile.

Lakini chuma kikiwa kichafu, rangi yoyote ni bure. Fundi mmoja alitaka kuipiga chasisi mchanga wa pwani kuondoa kutu. Nikamwambia, "Fundi, huo una chumvi, utanizikia kutu ndani ya rangi." Vumbi lake nalo huua mapafu. Tukatumia brashi ya waya na msasa, tukaosha kwa maji ya bomba, ikakauka kabisa, praima ikapakwa siku hiyo hiyo. Fanyeni Januari au Februari, wakati wa kaskazi. Masika chuma hutota hata bandani.

Ndani ya maboksi ya chasisi, vile vyuma vyake vyenye uwazi ndani, brashi haifiki, na kutu hupenda huko. Zibueni matundu ya kutolea maji, kisha pulizeni nta ya kuzuia kutu. Oili chafu wanayopaka wengi huharibu mipira ya bushi, tena hudondoka ardhini, na visima vyetu viko hapo hapo.

Rangi ya unga nimeiachia bampa na keria, vitu vya kufunguliwa kwa spana na kupelekwa peke yake.