Mtoto wa sayansi usimtoe kwenye fasihi, mimi nilikosea hapo

Wazazi wenzangu wa hapa Mombasa, likizo ikikaribia simu yangu haitulii, kila mtu ataka kujua mtoto ampeleke wapi akasome sayansi na Kiingereza, na kwa vile nimesomesha watoto wa sekondari barazani kwangu hapa Kisauni mwaka wa tisa huu, wacha niandike mara moja niwatumie wote.

Kuna kijana alikuwa kidato cha nne, hodari wa kemia mashallah, mamake akaniambia mwalimu huyu mwanangu ni wa sayansi, Kiingereza wachana nacho, mpe kemia na fizikia tu. Nikakubali. Matokeo ya moki, ile mitihani ya majaribio, yakaja, pepa ya vitendo ya kemia ina alama 40 na yeye kapoteza karibu nusu, tukaketi mkekani tukaipitia swali moja moja. Alitia dawa ya sodium hydroxide matone machache kwenye maji aliyopewa kupima akapata masimbi meupe, yaani vijichembe vinavyotanda majini, akaongeza mpaka ikazidi, yale meupe yakayeyuka, yeye akaandika "clear solution". Kakatwa. Manake maji ya buluu nayo pia ni clear bora uone upande wa pili, ilotakikana ni "colourless", yaani haina rangi. Alafu kwenye kolamu ya kuandika ulichoona kaandika kuna zinki. Nikamuuliza, wewe umeona nini hapa? Akanambia nimeona zinki mwalimu. La mwanangu, hukuona zinki, umeona weupe umeyeyuka, zinki ni ya kolamu ya pili, ile ya kuandika ulichoonacho chakuambia nini.

Ile siku nililala vibaya wallahi, kwa sababu kemia aijua, alichokosa ni kile kile ambacho mimi na mamake tulikubaliana awache.

Kwa upande wa setibuku, vile vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa, nikaanza kuona kosa hilo hilo, kurukia jibu bila kusema ulichoona. Mtoto aandika mhusika ni mchoyo, basi, kamaliza, haonyeshi ni wapi kwenye kitabu, alimnyima nani nini, ikawaje. Ile pepa ya tatu ya Kiingereza insha ya setibuku ina alama 20 na mara nyingi wanataka hoja nne, kila hoja alama 3, sasa hoja bila ushahidi wa kitabuni utapewa nini? Kwa hivo siku hizi nawachorea kolamu mbili za maabara kwenye daftari ya fasihi, kushoto kilichotendeka kitabuni, kulia chatuambia nini kuhusu mhusika, na hairuhusiwi kujaza kulia kabla ya kushoto. Watoto wa sayansi hushika haraka sana, wengine washaanza kunibishia kuhusu wahusika, jambo ambalo zamani halikuwako kabisa.

Sasa kutafuta kozi. Mimi mwenyewe nilishampeleka binti ya dadangu pahali fulani mjini, tukalipa pesa nzuri, wiki tatu nzima wananakili noti ubaoni na hakuna alieshika hata testi tyubu, na fasihi wakapewa muhtasari wa kitabu uliopigwa chapa, kitabu chenyewe hakijafunguliwa. Iliniuma sana. Kabla hujalipa nenda ukaangalie darasa likiendelea, ukatae kuonyeshwa ofisini tu. Uliza watoto wangapi kwa bureti moja, ile neli ndefu ya maabara ya kupimia maji, na muulize mtoto yeyote aliyepo akuonyeshe bureti yasomwaje, kama ajua kuinama jicho liwe sawa na chini ya lile pindo la maji na kuandika nambari mbili baada ya nukta, hapo pana kazi. Kwenye Kiingereza omba uone insha ilosahihishwa, ukiona tiki tupu bila maneno ya mwalimu rudi nyumbani na pesa zako.

Na wale walioingia gredi ya 10 Januari 2026, hata mtoto akichagua mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Kiingereza bado ni lazima, kwa hivo msiwatoe mapema. Waliobaki kwenye mfumo wa zamani wa 8-4-4 wana KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mpaka 2027, hao hakuna wakati wa kupoteza.

Kama pesa ya kozi haipo, usikae bure. Chukua bizari ya manjano ya jikoni, ikoroge na maji kidogo upake karatasi nyeupe, ikikauka dondoshea maji ya magadi kisha kamulia ndimu, na mtoto aandike kwa Kiingereza alichoona tu, sentensi mbili. Juzi msichana mmoja aliandika mara ya kwanza "it reacted", nikamrudishia. Mara ya pili "it changed colour", nikamrudishia tena, amenuna. Mara ya tatu akaniletea "the yellow paper turned red-brown, then yellow again where the lime juice fell", nikaita mpaka nyanyake aliyekuwa uani aje asomewe.