Bond amekufa, sasa? Jibu langu kwa wanaosema "James Bond" ni cheo

Mleta mada kauliza: kama sote tulimwona James Bond, yule jasusi wa Uingereza wa kwenye filamu, akilipuliwa na makombora kisiwani kwenye No Time to Die ya mwaka 2021, filamu ijayo itamrudishaje? Wachangiaji watatu hapo juu wamemjibu kitu kimoja, kwamba James Bond ni jina la kazi tu, kama ukuu wa wilaya. Huyu akiondoka analetwa mwingine, ofisi ile ile. Wakuu, mniwie radhi, napinga. Napinga kwa upole lakini, maana hiyo imani niliishi nayo miaka mingi na namjua aliyenipa.

Nilikuwa darasa la tano, Tandika. Kazi yangu kwenye kibanda umiza cha mtaani ilikuwa kurudisha kanda nyuma na kufuta hedi ya deki kwa pamba yenye spiriti picha ikianza kutetemeka. Malipo yangu kuingia bure. Mtafsiri alikaa kwenye stuli pembeni ya TV, maiki yake imezungushiwa selotepu mpaka imenenepa. Jioni moja tukaweka kanda ya Bond anayeigizwa na Roger Moore, kesho yake tukaweka ya Bond wa Pierce Brosnan. Mzee mmoja muuza kahawa akapaza sauti toka benchi la nyuma: "Huyu siye wa jana! Rudisheni hela!" Mtafsiri wala hakubabaika. "Ndugu watazamaji, wa jana kastaafu. Huyu kakabidhiwa jina na bastola." Banda zima likatulia. Hela haikurudi.

Ni jibu tamu, nakiri. Linatatua swali la mtu aliyeanza kazi mwaka 1962 akiwa na sura ya Sean Connery, na leo bado anaruka mapaa. Shida ni kwamba filamu zenyewe zinalikataa. Mwaka 1969, zamu ya George Lazenby, Bond anaoa, na mkewe Tracy anapigwa risasi siku ile ile ya harusi. Mwaka 1981 filamu inafunguka tunamwona Roger Moore kasimama makaburini, anaweka maua kwenye kaburi la Tracy. Mkuu wa wilaya mpya hurithi gari na nyumba ya serikali, harithi ugane wa aliyemtangulia! Halafu njoo Skyfall ya 2012. Daniel Craig anarudi nyumba aliyokulia, kule Scotland, na kaburi la wazazi wake lina jina la Bond. Msumari wa mwisho ni hiyo hiyo ya 2021: jamaa kastaafu, namba 007 kapewa dada anaitwa Nomi, ila jina hakupewa. Kwa hiyo cheo ni namba. Jina ni la mtu.

Sasa atarudije? Atarudi kama alivyorudi 2006 kwenye Casino Royale: wanaanza moja, hawamwelezi mtu. Brosnan alikuwa jasusi mzoefu, akaja Craig ndiyo kwanza anapata kibali chake cha kuua, na bosi wao, M, ni Judi Dench yule yule. Nani alidai maelezo? Tulikaa tukaangalia. (Kwenye hiyo hiyo kuna maandishi yanasomeka "Mbale, Uganda". Chuoni nililala chumba kimoja na kijana wa Mbale, akasimamisha laptopu pale pale: "Mlima Elgon uko wapi?" Msitu ule ni wa Uingereza, wakuu.) Na mwisho wa ile ya 2021, ukivumilia majina yote mpaka taa zinawashwa, wameandika kwamba James Bond atarudi. Mimi nilivumilia. Shabiki aliyelelewa kibandani, ambako sheria ni moja tu, steringi hafi, angetokaje ukumbini na lile kaburi moyoni?

Kwa hiyo kufufuka hakunitishi. Kinachonitisha ni mwenye mali. Amazon waliinunua MGM, studio ya filamu za Bond, kwa dola bilioni 8.45, dili likafungwa 2022, ila maamuzi ya ubunifu yalibaki kwa watayarishaji wa siku zote, Barbara Broccoli na kaka yake Michael G. Wilson. Februari 2025 hao nao wakawaachia Amazon usukani. Familia ile tuliitukana sana kwa uvivu. Miaka sita bila filamu kuanzia 1989 mpaka 1995 kwa sababu ya kesi, na sita mingine 2015 mpaka 2021, korona nayo ikichangia. Leo naona ule uvivu ndio uliotufanya tupange foleni.

Amazon hawawezi kuwa wavivu hata wakitaka, na hapa ndipo watu wengi hawapigi hesabu. Ian Fleming, aliyemtunga Bond, alifariki 1964. Hakimiliki Uingereza hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, maana yake Januari 1, 2035 vitabu vyake vinakuwa mali ya umma kule. Ule muziki na ule mtutu wa bunduki wa mwanzo wa filamu vitabaki na wenyewe, lakini yule mtu wa vitabuni yeyote atamchukua. Toka wakabidhiwe usukani ni miaka kumi tu, na muongozaji waliyemchagua, Denis Villeneuve, alikuwa bado na filamu ya tatu ya Dune mkononi. Mimi siitegemei filamu kabla ya 2028. Hapo inabaki miaka saba. Watabana filamu tatu humo, na naogopa watachomeka na tamthilia za Moneypenny yule katibu wa M, za Q yule mtengeneza vifaa, mpaka za dereva wa M.

Hesabu hiyo hiyo inanipa umri wa steringi. Moore alianza na miaka 45, Connery 32. Mwenye haraka atachukua wa thelathini na kidogo. Mwigizaji Idris Elba, aliyezaliwa 1972, tumwache aendelee na mipango yake ya studio Zanzibar. Namhurumia mwigizaji Henry Cavill: alifanyiwa majaribio ya ile ya 2006 akaonekana bado kinda, sasa hivi ataambiwa jogoo keshazeeka.

Wanaosema itarudishwa miaka ya 1950 kwa sababu mwandishi ni Steven Knight wa Peaky Blinders, ile tamthilia ya magenge ya zamani, ningependa wawe sahihi, ila sioni. Bond anavaa saa za Omega toka 1995. Saa ya mwaka huu utamvalishaje mtu wa 1955?

Yule mtafsiri bado yupo, siku hizi anauza kava za simu Kariakoo. Nilipita kwake siku chache baada ya kuiona ile ya 2021, nikamwambia kaka, Bond kafa, kafa kabisa, nimeona kwa macho yangu. Akaendelea kumbandikia mteja protekta, taratibu, anasukuma povu kwa kadi ya benki.

"Kafa yupi?"