Sadfa za bichi: nawajibu mlioniuliza

Meseji za sadfa za likizo ya baharini zimekuwa nyingi, nimechukua chache ambazo naona zinawagusa wengi.

*Nimekutana bichi na rafiki niliyesoma naye sekondari, hatujaonana miaka kibao, tena mbali kabisa na kwetu. Hii si bure, au?*

Milima haikutani ila binadamu hukutana, na bichi ndo hukutana zaidi, manake mmekua pamoja, watoto wenu wanafunga shule kipindi kimoja, sifa za fukwe mnazosikia ni zilezile, halafu mkifika wote mnatembea kwenye mchanga uleule jua likipungua. Na hukuwa unamsubiri yeye, ungekutana na jirani au mwalimu wako wa zamani ungeshangaa vilevile. Kuna hesabu maarufu: watu 23 tu wakikaa pamoja, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unapita nusu, kwa sababu hao 23 wanatoa jozi 253. Nawe vilevile, watu ambao ungeweza kukutana nao ni wengi kuliko unavyodhani. Hesabu haipunguzi furaha lakini, chukua namba yake na umpigie kweli.

*Chumba namba 17, kiti cha basi 17, boti nayo 17. Naogopa.*

Usiogope. Ukishaipa namba umuhimu macho yanaanza kuisaka, na namba zingine zote ulizopishana nazo siku hiyo hata hukuziona. Arnold Zwicky, mtaalamu wa lugha wa Marekani, aliipa hali hii jina mwaka 2005, ni kama kusema macho yanatudanganya kuwa kitu kimeongezeka. Likizoni huenda inazidi kwa sababu kichwa kimetua mzigo wa kazi. Kesho chagua 8 uone.

*Baba alifariki, alipenda sana bahari. Nilivyoingiza tu miguu kwenye maji, watu wa pembeni wakapiga wimbo wake. Nililia. Wananiambia ni bahati tu.*

Pole sana dada yangu. Daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, alikuwa na mgonjwa anamsimulia ndoto ya mdudu wa dhahabu, mara kitu kikagonga dirisha, akafungua akamdaka mdudu anayekaribiana naye sana. Mwaka 1952 akachapisha maandishi akisema matukio mawili yanaweza kuungana kwa maana hata kama moja halikusababisha lingine. Wanasayansi wengi hawajamkubali, na mimi siamini kwamba wimbo ule ulitumwa, ila hao wanaokuambia ni bahati tu wanajibu kitu ambacho hukuuliza. Ulikuwa umesimama mahali baba alipopapenda, moyo umejaa, siku nyingine wimbo ungepita usiusikie. Lia, na ukitaka kurudi pale kila mwaka, rudi. Kitu kimoja tu nakuomba, mtu asije akakuambia baba ametuma ishara ukatoe hela, huyo mkimbie.

*Siku tatu mfululizo nimekaa ufukweni nikiwaza kama niache kazi, na kila nikikaa maji yanajaa. Bahari inanijibu?*

Ulikaa saa zilezile, si ndiyo? Maji hujaa na kupwa kwa kufuata mwezi na jua, kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50, ndo maana siku tatu umeyakuta bado yanapanda. Kaa wiki nzima, saa ileile utayakuta yanatoka. Kwa hiyo ungeenda likizo wiki inayofuata "jibu" lingekuwa kinyume, na kazi ni ileile, bosi ni yuleyule. Jambo la kazi kaa nalo na akiba yako, na wanaokutegemea.

*Niziandike sadfa zangu?*

Andika, tena siku hiyohiyo kabla hujasimulia mtu, maana stori hunenepa kila ikisimuliwa. Na andika pia zile mara ulizomuwaza mtu mchana kutwa na simu haikuita.